Nguru Aliyepanda Treni

Qingdao, 4 Mei 1986

Wewe Yongnian,

Salamu nimeziruka makusudi. Wenye adabu huanza kwa kuulizana hali, na mimi hali yako sitaki kuijua mpaka nimalize kukasirika.

Nguru wameingia bandarini, na sasa wamekwisha. Huko kwenu Taiyuan, katikati ya makaa ya mawe na siki, labda hamna habari, kwa hiyo nakueleza kama anavyoelezwa mtoto anayeota meno. Huku kwetu baridi ikivunjika na nguru wakianza kupita, kila mwanamume aliyeoa humtafuta nguru mnono kuliko wote, humbeba mkononi, hupita naye langoni mchana kweupe na kumkabidhi baba mkwe. Baba mkwe humtundika ukingoni mwa roshani hadi jioni, ili hata vipofu wa ua wapate harufu ya heshima. Ndiyo desturi. Hata enzi zile vijana wa mapinduzi walipotuvunjia miungu yetu yote, nguru hawakuthubutu kumgusa, maana na wao walikuwa na baba wakwe.

Ua wetu una ghorofa tatu, roshani zimetazamana kama watu wanaogombana, na bomba moja la maji liko katikati. Hakuna siri hapa. Mtu akikohoa ghorofa ya tatu, wa chini wanamwambia pole. Mwaka huu Mzee Kuang alitundika wawili, maana ana mabinti wawili, akawa anapita chini yao huku na huku kama mtu anayekagua gwaride. Kiziwi wa ghorofa ya kwanza, ambaye mkwe wake ni mlevi asiyejua hata mlango wa kwake, naye alipata. Mama Sui, anayekaa langoni na kiti chake kifupi kuhesabu dhambi za watu, aliniuliza, "Mzee Luan, wa kwako anakuja kwa miguu?"

Mwaka jana nilikusamehe. Nilisema ndoa bado changa, wameoana huko bara, kijana hajawahi kukanyaga ua huu, atafundishwa. Binti yangu amekufundisha, najua, aliniandikia. Basi nguru wangu yuko wapi?

Badala yake unajua tulipata nini? Siku zilezile za nguru, mshenzi mmoja alikuja akaacha pembeni ya bomba furushi la samaki aliyeoza, amefungwa kwa taulo. Paka walimnusa wakaenda zao wakiwa na huzuni. Ikabidi mimi, na mgongo huu, nimchote kwa koleo la makaa nikamtupe jalalani, huku nikimlaani aliyemleta, yeye na kizazi chake chote.

Sasa sikiliza. Haixia ameniandikia kwamba Julai mnakuja wote, ili Doudou aione bahari. Doudou aje. Mama yake aje. Wewe baki. Asiyejua njia ya kuniletea nguru asijue pia njia ya kuja kula kome wangu na kunywa bia yangu. Usidhani hii ni hasira. Huu ni utaratibu. Hapana, ni hasira.

Luan Deshun,
ambaye bado sijawa baba mkwe wa mtu


Taiyuan, 13 Mei 1986

Mzee Luan,

Barua yako niliisoma, nikampa Haixia akaisoma, kisha nikamnyang'anya nikaisoma tena kwa sababu sikuamini.

Unasema hukuletewa nguru. Mimi nasema uliletewa. Alitundikwa ghorofa ya tatu, upande wa jua, mrefu kama mtoto wa shule. Na aliyemleta alikuwa mezani kwako pale roshani, kijana mwenye buti za mpira, anakula, na wewe unampiga bega na kumwita mkwe wangu. Jina lake ni Lianhai. Unamjua kuliko mimi. Ndiye uliyetaka amwoe Haixia kabla yangu.

Kama mkwe unaye, mimi unanitafutia nini?

Nimeyajuaje haya, hilo ni langu.

Kuhusu Julai, umeamuru mke wangu na mwanangu waje na mimi nibaki. Hawaji. Doudou ataiona bahari siku atakapokuwa na babu anayejua baba yake ni nani.

Na hiyo siki yetu unayoicheka kila barua, siki haiozi.

Hao Yongnian


Qingdao, 21 Mei 1986

Mwanangu Haixia,

Mumeo ana wazimu, au ana mpelelezi kwenye ua huu. Kama ni Mama Sui niambie, nitakata miguu ya kile kiti chake.

Buti za mpira! Mji huu nusu ya watu wana buti za mpira na nusu nyingine wanazitafuta. Ndiyo, palikuwa na nguru. Mimi sikusema hapakuwa na nguru. Nilisema yeye hakuniletea. Wasomi nyie hamsomi. Mzee akitaka kula nguru, hawezi kujinunulia? Na nguru akiwa mzito, kijana hawezi kumbebea hadi juu? Na kijana akishabeba, hakaribishwi bia? Huko kwenu labda wanamrudisha na kiu yake.

Kwamba nilimwita mkwe, hayo ni maneno ya bia. Mimi niliyekaa miaka yote ile mlangoni pa vyumba vya kubadilishia nguo pale ufukweni, nimewaona wakurugenzi bila suruali na wote niliwaita kaka. Hakuna hata mmoja aliyekuwa kaka yangu, mshukuru Mungu, ungewaona.

Lakini wewe unajua kinachoniuma. Boya la Doudou nimeshalitengeneza. Ni mpira wa ndani wa gurudumu la lori, nimeuziba pancha, nikaujaza upepo, nikaukalia mwenyewe majini kuujaribu. Wenzangu wa zamani pale ufukweni walinicheka hadi wakasahau kuchana tiketi. Kila mjukuu wa ua huu amebebwa baharini na babu yake. Wangu nimemwona kwenye picha, na kwenye picha yenyewe kafunikwa kofia.

Usimwache huyo mla siki akaninyima mjukuu kwa ajili ya buti za mtu. Mpige, mbembeleze, mfungie chakula, fanya kama mama yako alivyokuwa akinifanyia. Julai njooni. Nimesema abaki, basi abaki, lakini nyie njooni.

Baba yako,
Luan Deshun


Taiyuan, 2 Juni 1986

Baba,

Nimeacha siku zipite kabla ya kukujibu, maana barua ya kwanza niliyoandika haikuwa ya mtoto kwa baba yake. Hii nayo sina hakika.

Hakuna mpelelezi. Yongnian alikuja mwenyewe.

Mwisho wa Aprili aliniambia kiwanda kimemtuma Shijiazhuang. Nikaamini. Kumbe aliomba ruhusa akaja kwako. Alitaka afike kwanza, halafu wewe ndiye uniandikie, iwe furaha ya kunishtukiza. Alipanga foleni hapa Taiyuan kwenye ghala la barafu, akapata nguru mmoja, mgumu kama kuni. Utauliza kwa nini hakumnunua huko Qingdao. Na mimi nilimuuliza, nikamwita mjinga. Akasema, "Kwetu mgeni hanunui zawadi mlangoni kwa mwenyeji. Nimpelekee baba yako samaki wa sokoni kwake, si sawa na kumchumia tikiti shambani kwake kisha nimkabidhi?" Ndivyo walivyomlea, Baba.

Barafu iliyeyuka njiani. Abiria wakamhamisha, mwisho akasimama karibu na choo cha treni usiku kucha, kamshika samaki mkononi kwa sababu nilimwambia nguru wa mkwe hubebwa mkononi. Akafika langoni. Mama Sui akamuuliza, "Unamtafuta nani, na hicho ni nini kinanuka hivyo?" Akasema anamtafuta Mzee Luan. Mama Sui akamwambia, "Leo usimsumbue, mkwe wake kamletea nguru." Akatazama juu. Akakuona. Akakusikia unaita, "Lianhai, mkwe wangu, ongeza bia."

Lianhai, Baba. Mimi mwenyewe nilimsimulia Yongnian habari za Lianhai kabla hatujaoana, kwa sababu sikutaka kumficha kitu. Kati ya wanaume wote wa Qingdao wewe ukamwona huyo.

Alimweka samaki pembeni ya bomba akarudi stesheni. Hilo taulo ni langu. Nimelitafuta nyumba nzima.

Alikaa kimya hadi barua yako ilipokuja. Alipofika kwenye habari za paka alicheka. Alipofika pale ulipolaani kizazi chake alitoka nje, akanipa mimi nimalizie. Kizazi chake ni Doudou.

Julai siji. Yongnian hajanizuia, usimsingizie. Ni mimi.

Haixia


Qingdao, 12 Juni 1986

Yongnian,

Barua ya mke wako nimeipata. Nilimpa Mzee Kuang anisomee maneno yaliyonishinda, kisha katikati nikamnyang'anya, maana niliona inakoelekea.

Sasa nijibu mimi swali moja. Mwanaume anasafiri usiku kucha na nguru mkononi, abiria wanamfukuza, anasimama chooni, anafika hadi langoni, kisha anageuka kwa sababu ya mwanamke mnene juu ya kiti kifupi? Ngazi zilikuwa zimekatika? Ungepanda, ukampiga Lianhai na huyo samaki usoni, ukanipiga na mimi, tungeheshimiana hadi leo. Ua mzima ungekupigia makofi. Wewe ukaweka furushi chini kama mtu anayetelekeza mtoto, ukaondoka. Kwa lipi? Kwa adabu? Adabu imeniharibia nyumba.

Lianhai nitakueleza, na sirudii. Ni kweli mshenga alimleta zamani, akanywa chai kwa shangazi yake Haixia, Haixia akamtazama buti akasema hapana, yakaisha. Tangu hapo ni kijana anayeniuzia samaki na kunitania. Mwaka huu ukingo wangu ulikuwa mtupu. Hujui ukingo mtupu ni kitu gani. Kila anayepita anainua kichwa, halafu anakiinamisha kwa huruma, na huruma ya Mzee Kuang ni mbaya kuliko kichocho. Wanafikiri binti yangu kaolewa pabaya. Wanafikiri anapigwa. Nikamwambia Lianhai, "Beba huyu nguru, pita naye langoni, uniite baba, nakupa jagi la bia." Akapita. Akaniita baba kwa sauti ya kuuzia samaki, ua wote ukasikia. Nililipia heshima yangu mwenyewe, na wala haikuwa tamu.

Na mkwe halisi alikuwa chini anatazama. Aliye juu mngoje chini, wanasema. Ungengoja basi!

Kinachonichoma kuliko vyote ni hiki. Nguru mmoja tu umewahi kuniletea, na mimi ndiye niliyemtupa. Kwa koleo. Mbele ya watu, nikijisifu kwamba nimeusafisha ua. Ungeacha hata kipande cha karatasi. Ungemwambia Mama Sui jina lako. Umenifanya nikamlaani mjukuu wangu kwa kinywa changu, na laana huku hairudishwi kama chupa tupu.

Julai njoo. Nimefuta ule utaratibu. Njoo tugombane ana kwa ana, barua hazina mate.

Luan Deshun


Taiyuan, 25 Juni 1986

Mzee Luan,

Unaniuliza kwa nini sikupanda ngazi.

Njia nzima nilikuwa nakariri maneno ya kukuambia. Haixia alinifundisha mnavyosema huko, kwa lahaja yenu, na abiria wa pembeni yangu alinisahihisha mpaka akachoka. "Baba, machipuko yamefika, na mimi nimefika." Nilipokuwa langoni nilisikia mtu mwingine anakuita baba, na wewe unaitika. Nafasi yako ikishashikwa na mtu mwingine, unapanda kufanya nini?

Unanilaumu kwa adabu. Wewe uliazima mkwe kama mtu anavyoazima ngazi, halafu ukakaa ukaandika kunitukana kwamba sikuja. Ulijua wakati unaandika kwamba ulishakula nguru wa uongo. Hasira gani hiyo isiyoona haya?

Sasa sikiliza na wewe.

Julai siji. Nikija Julai, watu wa ua wako watauliza mimi ni nani, na wewe utasema nini? Mpwa? Mpangaji? Nitakuja msimu wa nguru, au sitakuja kabisa. Na kabla sijaja, utasimama mwenyewe mbele ya ua wako useme yule alikuwa nani, na mimi ni nani. Si kwa barua, na si kwa kumnong'oneza Mama Sui. Utasema kwa sauti, kama ulivyomwita yule aongeze bia.

Ukishasema, niandikie. Usiposema, usiniandikie.

Hao Yongnian


Taiyuan, 3 Februari 1987

Baba,

Heri ya mwaka mpya wa kalenda ya zamani. Hapa ni kimya, na kwako ni kimya. Tangu kiangazi hujaandika neno. Siku ya pili na ya tatu ya mwaka wenzangu wote walikwenda kwa baba zao na waume zao. Mimi nilikaa nikakunja sambusa za kuchemsha za kabichi, Yongnian akazichovya kwenye siki yake akazila.

Doudou anatembea. Akiona beseni la maji anaingia na viatu. Nimemwambia hiyo ndiyo bahari. Sikupenda kumdanganya, lakini nifanyeje.

Umeshasema uani? Usinijibu mimi. Mjibu yeye.

Haixia


Qingdao, 29 Machi 1987

Yongnian,

Nimesema. Sasa kaa chini, maana sikusema kwa utaratibu niliopanga.

Nilikuwa nimepanga kutosema kabisa. Kweli ndiyo hiyo. Nilijiambia huyu mla siki atalegea, mke wake atamlegeza. Kiangazi kikapita, nikaliweka boya chini ya kitanda. Majani yakaanguka, nikalitoa upepo. Mwaka mpya Mama Sui akaniuliza mkwe wangu mwenye buti yuko wapi, nikasema yuko baharini. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nilijitahidi kuirefusha.

Wiki iliyopita nimekaa bombani naosha figili. Mama Sui akashuka na mwiko wa kukaangia, uso mwekundu kama kaa aliyechemshwa.

"Luan! Mkwe wako mkomeshe!"

"Kafanya nini?"

"Anamfuata Guirong wangu! Tangu siku ile alipoleta nguru. Alimkuta hapa bombani anafua. Sasa kumbe wanakwenda sinema! Mume wa mtu! Na mtoto anaye!"

Yongnian, nilitamani kuingia kwenye lile bomba. Lianhai, mshenzi yule, nilimpa jagi la bia, yeye akajiongezea binti wa Mama Sui. Roshani zote zikajaa. Mzee Kuang alitoka na bakuli lake la uji, akajiegemeza vizuri. Kiziwi alitoka pia, sijui alisikia nini.

Halafu Mama Sui akapunguza sauti. Moyo wake si mbaya, ni mdomo tu. Akasema, "Au Haixia kaachika, unaona aibu kusema? Kama kaachika sema, Luan. Siku hizi si ajabu. Watoto wanapendana, sema tu kaachika, mimi niwaache waoane na hakuna atakayekucheka."

Umeona mlango ule? Ulikuwa wazi wote. Nisingehitaji hata kusema, ningeinamisha kichwa tu. Guirong angepata mume, Mama Sui angepata nguru, mimi ningepata huruma. Uongo wangu ungezikwa na heshima zote. Na wewe usingekuwepo tena duniani, wala usingejua kwamba umekufa.

Nikapanda juu ya jiwe la bomba, na figili mkononi. Nikasema, "Haixia hajaachika. Mume wake anaitwa Hao Yongnian, ni wa Taiyuan. Huyu Lianhai nilimwazima kwa jagi la bia. Na mkwe wangu alikuja siku ileile. Yule nguru aliyeoza, wa kwenye taulo, niliyemtupa mbele yenu, ndiye wake. Ndiye nguru wangu."

Kisha wakacheka. Nimekaa ua huu tangu nina nywele, sijawahi kusikia kicheko kama kile, nguo zilianguka kambani. Mzee Kuang akaita kutoka juu, "Luan, mwakani utaazima na mjukuu?" Mama Sui alinipiga na mwiko, mara ya kwanza kwa kucheka, ya pili kwa hasira. Mpaka leo watoto wa ua wakiniona wanapita na furushi wakiniita baba, baba.

Kwa hiyo usitegemee nikuombe radhi. Radhi yako niliilipa pale juu ya jiwe. Sasa hasira zangu zote zimebaki kwako, nazo ni mbichi, maana kama ungepanda ngazi mwaka jana nisingesimama pale na figili.

Nguru watapita mwezi ujao. Njooni wote. Na sikia, usininunulie nguru hapa. Haixia atakwambia umnunue hapa bandarini, ni mtoto wa pwani, hana akili. Hapa nguru wapo, nikimtaka wa hapa ninaye Lianhai. Mimi nataka wa kwenu. Kama yule.

Luan Deshun


Taiyuan, 10 Aprili 1987

Baba,

Foleni ya ghala la barafu nimeshaipanga. Tunakuja.

Yongnian


Qingdao, 11 Mei 1987

Yongnian,

Mmeondoka jana, na nyumba nzima ina mchanga. Mchanga uko kitandani, kwenye chungu, kwenye sikio langu la kushoto. Kwa hiyo naandika nikiwa nimekasirika, usije ukadhani nimewakumbuka.

Kwanza, baharini ulinitia aibu. Mimi nilikaa miaka yote pale ufukweni, kila mtu ananijua, na mkwe wangu anaingia majini hadi magotini anashika boya la mtoto. Lilikuwa la Doudou! Mtoto kakaa mchangani anakutazama, wewe umening'inia kwenye mpira unapiga kelele kwamba maji ni ya chumvi. Ulitegemea nini, siki?

Pili, Doudou. Siku nzima ya kwanza aliikimbia bahari, akaenda kucheza kwenye kidimbwi cha bomba letu. Mwaka mzima nimegombana kwa ajili ya bahari. Na siku ya mwisho, alipokubali kubebwa hadi kwenye mawimbi, kayanywa, kacheka, kaninyea mkono. Hilo sikulaumu wewe. Hilo ni langu, na hakuna atakayelisimulia ila mimi.

Tatu, maneno yako. Ulisema umeyakariri. Ua mzima ulitoka kuyasikia, maana niliwatangazia, Mzee Kuang hadi alivaa kofia mpya. Ukapita langoni umemshika nguru mkononi, mbele yako watu wanapisha, nyuma yako watu wanaziba pua. Ukanifikia. Ukafungua mdomo. "Baba, machipuko" yako wapi? Ulichosema ni "Baba, huyu hapa." Basi. Mwaka mzima wa barua, na hayo ndiyo maneno.

Nami nilijibu nini? Sikumbuki. Haixia anasema nilimpokea tu nguru nikageuka nikatazama ukuta. Haixia anasema mengi.

Sasa la nne, ambalo hukulisikia kwa sababu ulikuwa ndani unanawa mikono kwa sabuni yangu yote. Siku ileile Lianhai, ambaye sasa ni mchumba rasmi wa Guirong, naye alipita na wa kwake, anampelekea Mama Sui. Nguru alikuwa anang'aa, jicho angavu, mkia umenyooka, ungedhani atasalimia. Mama Sui akamtundika. Mimi nikamtundika wa kwako. Wakawa wametazamana, roshani kwa roshani, na upepo ukawa unatoka upande wangu. Watu wakafunga madirisha. Mzee Kuang akasema, "Luan, kwa hisani yako, mshushe huyo marehemu."

Mama Sui akaita kutoka kwake, kashika pua, "Mzee Luan, safari hii umemwazima nani? Maana wa kwangu hanuki!"

Nikamwambia, na nilimwambia kwa sauti ile uliyoitaka, "Wa kwako hanuki kwa sababu katoka hapo chini tu. Huyu wangu kapanda treni."

Hakuna aliyecheka. Mama Sui alifungua dirisha lake tena. Sikumshusha mpaka jioni.

Nyinyi mlikula kome na mkadhani nguru nimempa paka. Sikumpa paka. Mwaka jana nilimtupa mmoja, sitatupa wa pili. Kesho yake mlipolala mchana nilimkata mkia, nikaukaanga kwa tangawizi nyingi, nikaula wote. Tangu mmepanda treni sijatoka chooni. Barua hii naiandika kwa vipande, na kila kipande kina safari yake. Nimekasirika sana, Yongnian.

Mwakani mtie chumvi.

Baba mkwe wako,
Luan Deshun